Takbira Nne kwa Asiyekuwepo

Nilichora mstari mwekundu katika daftari la mama siku ya Jumanne, asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Nilitumia rula. Juu ya mstari yalibaki mambo yote aliyonisimulia kwa miaka kumi na mmoja, tangu aje kuishi nami Ganshoren, pembeni mwa Brussels. Chini ya mstari niliandika tarehe na maneno matatu: "Baada ya kuchanganyikiwa." Kuanzia siku hiyo sikuandika tena lolote alilosema. Aliishi miezi kumi na minne zaidi.

Nitayaeleza mambo kwa utaratibu, ingawa utaratibu ndio ulionifikisha hapa.

Mimi ni fundi wa lifti. Ninazunguka Brussels yote nikikagua kamba, breki na milango. Kila lifti ina daftari lake ndani ya chumba cha mitambo, na kanuni ya kwanza niliyofundishwa ni kwamba usitie sahihi kwa kitu ambacho hukukiona kwa macho yako. Mwenzako akikwambia breki ni nzima, panda ukaitazame. Kanuni hiyo imeokoa watu. Niliipenda tangu siku ya kwanza, nikaanza kuitumia hata pale isipohitajika.

Chuo sikusoma. Kiarabu nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha sarufi na kamusi iliyoanza kuachia kurasa, ndani ya metro na juu ya mapaa ya majengo nikimsubiri mwenzangu alete kifaa. Nilitaka kujua jambo moja: tunajuaje? Yaliyosemwa kuhusu miaka ile ya mwanzo ya Uislamu, Makka na Madina, yametufikiaje, na kwa mkono wa nani? Kwetu Buyenzi, Bujumbura, hakuna aliyeuliza. Tulisomewa maulidi, tukasimama mahali pa kusimama, tukala pilau, tukarudi nyumbani. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikagundua kwamba vitabu vya sira tulivyonavyo viliandikwa zaidi ya miaka mia moja baada ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kufariki. Katikati hapo palikuwa na ndimi za watu tu. Fulani alimsikia fulani, naye alimsikia fulani aliyekuwepo.

Wanazuoni wa zamani waliliona tatizo hilo kabla yangu, wakaweka sheria. Habari haipokewi bila isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi, mmoja baada ya mwingine, hadi kwa aliyeona. Kila mpokezi alichunguzwa: alizaliwa wapi, alikutana kweli na anayedai kumsikia, alikuwa mkweli, kumbukumbu yake ilikuwaje. Asiyejulikana aliitwa asiyejulikana, na habari yake ikawekwa kando, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kanuni niliyoipenda kuliko zote ilihusu wazee. Wako wapokezi waliokuwa wakweli na hodari maisha yao yote, kisha uzee ukawachanganya akili. Wanazuoni hawakuwatupa. Walichofanya ni kuuliza: uliisikia habari hii kwake kabla hajachanganyikiwa, au baada? Ya kabla hupokewa. Ya baada huachwa. Niliposoma hivyo mara ya kwanza, nimekaa juu ya sanduku la vifaa kwenye paa la jengo moja Ixelles, niliona ni uadilifu mtupu. Hakuna anayetukanwa. Unachora mstari tu.

Daftari la mama nililianza mwezi aliofika. Nilitaka historia ya nyumba yetu isibaki hewani: nani alimwoa nani, nani alitoka Ujiji, nani alileta cherehani ya kwanza Buyenzi. Jumapili baada ya sala ya adhuhuri nilikaa naye mezani jikoni, nikauliza, nikaandika. Kwa kila jambo niliuliza alilipata kwa nani. Mwanzoni alicheka.

"Malaika wawili wananiandika, huku na huku," alisema, akigusa bega moja, kisha jingine. "Sasa na weye umekuwa wa tatu?"

"Mimi naandika yenye faida tu, mama."

"Wale wawili afadhali. Hawaniulizi nimesikia kwa nani."

Jambo moja tu ndilo lililokuwa na ukurasa mzima na bado likawa tupu: baba. Baba alikuwa fundi cherehani. Vita vilipotufikia, mama alivuka na sisi watoto watatu kwenda Uvira, upande wa Kongo. Baba alibaki siku mbili afunge duka na kuficha cherehani, kisha atufuate. Hakutukuta, wala sisi hatukumwona. Tulikuwa tumeshasogezwa kambini, mbali zaidi. Baada ya wiki kadhaa mama alituacha kambini kwa jirani, akarudi Uvira kumtafuta. Alirejea siku ya nne, amebeba mfuko wa mandazi yaliyofungwa kwa gazeti. Alisema neno moja: "Sijamkuta." Tukala mandazi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nami ndiye niliyegawa.

Neno hilo, "sijamkuta", limeandikwa katika daftari langu juu ya mstari mwekundu, na pembeni nimeweka alama ya habari sahihi. Mpokezi mmoja, mkweli, shahidi mwenyewe, akili timamu.

Mstari niliuchora kwa sababu hii. Jumatatu iliyotangulia, niliporudi kutoka kazini, mama alikuwa amesimama mlangoni na koti amevaa. Aliniita kwa jina la baba. Akaniuliza kama duka nimelifunga vizuri, na cherehani nimeiweka wapi. Nilimwambia mimi ni mwanao, mama. Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni anayejidai ndugu, akaenda kukaa. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeiona tasbihi ndani ya friji, nikanyamaza. Sasa sikuweza kunyamaza. Kesho yake nikachukua rula.

Niliomba msaidizi wa nyumbani kwa ajili yake. Aliyeletwa alikuwa mama wa makamo kutoka Uvira, Mkristo, mwenye sauti ya kanisani. Aliniita tonton, yaani mjomba, ingawa tulikaribiana umri. Alikuja asubuhi mara nne kwa wiki, akamwogesha mama, akampikia uji, akampaka mafuta. Mama alimpenda siku ya kwanza, aliposikia Kiswahili chake. Mimi nikashukuru kwamba mama amepata mtu wa kusema naye, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeacha kusikiliza. Nilikuwa nikimjibu, nikimlisha, nikimfunika blanketi. Kusikiliza ni jambo jingine, na kwangu kulikuwa kumefungamana na kalamu.

Ilikuwa Alhamisi ya mapumziko yangu. Tulikuwa jikoni watu watatu. Msaidizi alikuwa anamenya viazi, mama amekaa karibu na dirisha, mimi ninasoma.

"Baba yenu yuko Uvira," mama alisema, kama mtu anayekumbuka alipoacha mwavuli. "Wamemzika vizuri."

Niliweka kitabu chini. "Nani kakwambia, mama?"

"Mwanamke wa mandazi."

"Yupi? Jina lake nani?"

"Weye, mtu akikuuzia mandazi unamuuliza jina? Mume wake ndiye aliyechimba kaburi. Mkristo. Akachimba, akamaliza, mzee Mwislamu mmoja akamwambia bado, chimba na mwanandani hapo ubavuni, alalishwe humo. Yule bwana akaegemea jembe, akauliza: bon, maiti huyu anataka chumba na salon?"

Akacheka. Maiti kudai chumba na sebule! Alicheka hadi akashika meza. Msaidizi naye akacheka, kisu mkononi. Mimi sikucheka. Nilimwona mama yangu akicheka kaburi la mume wake, nikajiambia: basi, ndivyo ilivyo, ugonjwa umefika hapo.

Alipotulia, alinishika mkono. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alinijua.

"Mwanangu, kesho Ijumaa. Mwambie imamu amsalie. Si Mtume alimsalia yule mfalme wa Uhabeshi, na yeye yuko Madina? Na nyinyi msalieni baba yenu. Miye nisimame nyuma. Sikumkalia hata eda."

Nilimjibu kuhusu eda, kwa sababu hilo nililijua. "Mama, eda ya mjane huhesabiwa tangu siku mume alipokufa. Kama alikufa kweli, eda yako ilikwisha zamani."

"Ilikwisha," alisema. "Lakini miye sikuikaa."

Nieleze habari ya mfalme kwa asiyeijua, maana mama aliipenda kuliko kisa chochote cha mwanzo wa Uislamu. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, kundi moja lilivuka bahari, likakimbilia Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo, Najashi. Makureshi wakatuma wajumbe wawili na zawadi za ngozi ili wakimbizi warudishwe. Mfalme hakuwatoa kabla ya kuwasikiliza. Walimsomea aya za sura ya Maryamu, akalia, akarudisha zawadi, akawaambia wakimbizi wakae kwa amani. Miaka ilipita, Mtume akahamia Madina. Siku moja aliwaambia masahaba kwamba Najashi amefariki. Akatoka nao uwanjani, akawapanga safu, akatoa takbira nne kwa maiti aliyekuwa ng'ambo ya bahari. Hapo ndipo ilipotoka sala ya ghaibu, sala ya jeneza bila jeneza, kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi.

Mama alikijua kisa hicho kwa kusikia tu, katika chuo cha Kurani cha Buyenzi, akiwa mtoto. Kambini alikuwa akitusimulia kila mara wenyeji wa Kongo walipotuletea chakula. "Hao ndio Najashi wetu," alisema, tukawa tunawaita hivyo kwa siri, hata yule mama mkali aliyetugawia mihogo.

Siku ileile jioni nilimpigia simu imamu wetu. Yeye ni Mrundi kama mimi, na tunasali kwenye ukumbi mdogo tulioukodi. Alisikiliza, akasema hana tatizo.

"Mke anasema mume wake amekufa, miaka yote hii hajaonekana. Unataka nini zaidi? Tumsalie Ijumaa."

Nikamzuia. Ni mimi. Ningeweza kunyamaza, na ingefanyika. Nikamweleza kwamba habari imetoka kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa, kutoka kwa mwanamke asiyejulikana, kutoka kwa mtu asiyejulikana. Kwamba kabla ya ugonjwa, mama mwenyewe alisema hakumkuta. Kwamba habari mbili za mpokezi mmoja zikipingana, ya kabla ndiyo hushika. Imamu akataja Najashi. Nikamjibu, na jibu hilo ninalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nililionea fahari:

"Sheikh, Mtume alipata habari ya Najashi kwa wahyi. Sisi hatuna wahyi. Tuna wapokezi."

"Wewe ndiye mwana," alisema. "Na wewe ndiye uliyesoma. Ukitaka, niambie."

Sikumwambia. Moyoni mwangu nilikuwa na hofu pia, siwezi kuificha: kumsalia mtu ambaye labda yuko hai mahali fulani, mzee, anakula uji wake kwa jirani. Kwa miaka yote hiyo nilimweka hai kwa kutoandika chochote katika ukurasa wake. Lakini hofu hiyo sikuitaja kwa imamu wala kwa mama. Nilitaja kanuni.

Mama hakusahau. Alisahau dawa, alisahau kwamba dada yake alikufa, akamlilia upya kila alipoambiwa, tukaacha kumwambia. Lakini Alhamisi aliijua. Kila Alhamisi alimwomba msaidizi ampigie pasi mtandio wake mweupe, akautandika juu ya kiti.

"Kesho mnamsalia?"

"Inshallah, mama."

Neno hilo ni kubwa, na mimi nililitumia kama mlango wa kufungia. Ijumaa jioni aliuliza tulikwendaje bila yeye. Nilimwambia mvua ilikuwa kubwa.

Msaidizi alivumilia majuma mengi, kisha siku moja akanisimamisha kwenye korido nikivaa viatu.

"Tonton, uyu mama haiko na wazimu."

"Sijasema ana wazimu. Amechanganyikiwa. Daktari pia amesema."

"Bon, daktari anajua kichwa. Lakini iyi histoire ya kaburi, anaielezaka vilevile kila siku. Hata neno moja haigeuke. Muntu wa kuchanganyikiwa anaelezaka vilevile?"

"Na jina la huyo mwanamke je? Mtaa gani?"

"Alors, nitauliza. Batu ba Uvira tunajuana."

"Uliza," nilisema. "Lakini nataka mtu aliyeona. Sitaki aliyesikia."

Alinitazama viatu, kisha uso. "Tonton, weye uko muntu muzuri," alisema. "Lakini uko mugumu sana."

Mama alifariki mwezi wa Februari, mchana, kifua kilipojaa maji. Nilikuwa Ixelles, ndani ya chumba cha mitambo, simu haishiki. Aliyemshika mkono na kumgeuza uso kuelekea kusini-mashariki alikuwa msaidizi wetu, ambaye alikuwa amemwona mama akisali upande huo mwaka mzima. Shahada hakujua kuisoma yote. Alisema "Mungu ni mumoja" mara nyingi, alinieleza, mpaka mama alipoacha kupumua. Tulimzika kwenye sehemu ya Waislamu ya makaburi ya mji, ndani ya jeneza la mbao, katika shimo lililochimbwa kwa mashine, kuta zake zimenyooka. Mwanandani haukuwepo. Nilimsalia jeneza likiwa mbele yangu, kwa yakini yote niliyokuwa nikiidai.

Siku ya kumi na moja msaidizi alinipigia simu. Kazi yake kwetu ilikuwa imekwisha, hakuwa na sababu ya kunitafuta.

"Tonton, kuja Matonge. Kuko papa mumoja. Miye sikumuambia kitu, nilimuuliza tu kama alishachimba kaburi la mwislamu kule Uvira. Kuja usikilize weye mwenyewe, na daftari yako."

Nilishuka metro Porte de Namur, kwenye mtaa huo wa Wakongo, saa nane mchana. Alinipeleka kwenye duka la vitenge la binti yake huyo papa, mzee aliyekuwa amekaa nyuma ya kaunta kwenye kiti cha plastiki, kofia ya sufu kichwani, anatazama mpira kwenye simu bila sauti. Mtu wa miaka themanini hivi. Watoto wake walimleta Ubelgiji alipofiwa na mke. Nikamsalimu: "Shikamoo, papa." Akacheka kidogo, akasema huko kwao hawaitikii hivyo, lakini ahsante. Nikakaa juu ya robota la vitenge. Nilifungua daftari. Nilimwomba anieleze, sikumdokezea chochote.

"Ni ya zamani sana," alisema. "Wakimbizi ba Burundi balikuwa bengi. Mumoja alifika na homa kali, peke yake, akalala kwa baraza yetu siku tatu. Fundi cherehani, alisema. Alikuwa anatafuta bibi na batoto. Bibi yangu alimupatia uji. Siku ya ine akafa. Kulikuwa muzee mwislamu jirani, akamuosha, akaniambia, weye uko na nguvu, chimba. Njo nikachimba."

Akatazama mpira.

"Endelea, papa," nilisema.

"Nikachimba, nikamaliza, nimechoka. Ule muzee anasema bado, chimba kengine mu ubavu, batamulalisha mule. Nikamuambia," na hapo akaanza kutabasamu, "nikamuambia, bon, uyu mufu anataka chumba na salon?"

Akacheka, mkono juu ya goti. Msaidizi alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka safari hii. Alinitazama.

Nimesoma kwamba habari ikifika kwa njia mbili zisizojuana, na maneno yakawa yaleyale, huo ni ushahidi wenye nguvu. Nimeandika hivyo katika daftari langu la kanuni, kwa mwandiko mzuri. Nilijaribu kuandika alichosema papa. Kalamu ilifanya doa tu.

Nilimuuliza jambo la mwisho, kwa mazoea. "Mke wako alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mandazi. Uvira nzima balikuwa banamujua kwa mandazi." Kisha akaongeza: "Ule bibi wa mufu alikuja kisha, akimutafuta. Bibi yangu alimupeleka ku kaburi. Alikaa pale siku mbili. Wakati wa kwenda, bibi yangu akamupatia mandazi ya batoto."

Sijamkuta, alituambia. Na kweli hakumkuta. Mandazi yalikuwa kumi na mawili, nami niligawa manne manne, yeye akasema ameshiba.

Tulipotoka dukani, nilimuuliza msaidizi kama mama aliwahi kumwambia kwa nini alificha. Alikuwa amemwambia, siku nyingi, wakati wa kumpaka mafuta. Nitaiandika kama alivyonieleza, kwa Kiswahili chake.

"Alisema: batoto ba baba mwenye kupotea, banawaacha kwa mama yabo, banangojea. Lakini yatima banagawanywa. Alisema Mtume yenu mwenyewe alikuwa yatima, akatoka kwa mama, akaenda kwa babu, akatoka kwa babu, akaenda kwa baba mudogo. Mikono tatu. Akasema: 'Miye sikutaka bangu bahame mikono.' Njo akafunga kinywa. Alors, na weye tonton ukamufunga mara ya pili."

Hakusema kwa ukali. Alinunua kwanga mbili, mikate ya mihogo, kwenye duka la jirani, akanipa moja, akaenda kukamata basi lake.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Siri aliyoilinda akiwa na akili timamu, kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano, iliachiwa na ugonjwa. Alichokisema kabla ya mstari kilikuwa cha kutulinda. Cha baada kilikuwa cha kweli. Wanazuoni wale hawana kosa. Wao walikuwa wanalinda maneno ya Mtume, na mnyororo wao ulikuwa na watu mamia. Mimi nilikuwa na mama mmoja jikoni.

Nilikwenda kwa imamu usiku wa kuamkia Alhamisi, nikamweleza bila kujitetea. Hakunilaumu. Aliuliza tu jina la baba na la babu, akaandika kwenye karatasi.

Ijumaa hiyo nilipiga pasi mtandio mweupe mwenyewe. Nilikuwa sijui kuupiga, nikaunguza kona. Nikauchukua ndani ya mfuko, sijui kwa nini. Wanaume hatuna kazi nao. Msaidizi alikuja pia, amefunga kitambaa kichwani, akakaa kwenye kiti kwenye korido karibu na viatu. Baada ya sala ya Ijumaa imamu alitangaza kwamba tuna ndugu aliyefariki Uvira zamani na hakusaliwa na watu wake. Watu wakasimama tena. Kwa mkono wa kulia nilikuwa na kijana muuza simu, kwa kushoto dereva wa basi. Hakuna hata mmoja aliyemjua baba. Nyuma ya pazia wanawake walipanga safu yao, na nikasikia nafasi zikizibwa, bega kwa bega, hakuna pengo lililoachwa.

Sala ya jeneza haina rukuu wala sijida. Takbira ya kwanza, Fatiha. Ya pili, kumsalia Mtume. Ya tatu, dua ya maiti. Ya nne, dua fupi, kisha salamu. Nilitazama saa ya ukutani mwanzo na mwisho, kwa mazoea ya kazi. Dakika nne.

Nilihesabu Alhamisi alizouliza. Sitaandika idadi.

Sasa ninajaribu kujaza chini ya mstari mwekundu. Msaidizi amenisaidia, amenipa mengi kuliko niliyonayo mimi, na kwa kila moja naandika: "kutoka kwake, kutoka kwa mama." Yangu mwenyewe niliyoyakumbuka kwa yakini ni sentensi tisa. Mojawapo ni ile ya eda. Nyingine ni "mvua leo haipo, mwanangu," aliyoisema Ijumaa moja niliporudi na uongo uleule.

Na iko asubuhi moja ya Januari. Nilikuwa nafunga kamba za viatu vya kazi, mama amesimama dirishani mgongo kanipa, ameshika pazia, anazungumza. Alizungumza muda mrefu, sauti ya chini, kama mtu anayesimulia jambo lenye mwanzo na mwisho. Alipomaliza aligeuka, akaningojea niseme kitu.

"Sawa, mama," nilisema, nikachukua sanduku la vifaa.

Nimeacha ukurasa mzima kwa ajili ya asubuhi hiyo. Juu yake nimeandika tarehe, na jina lake, na jina langu kuwa ndiye niliyekuwepo.